Mvinyo uliokuwa ukichacha Ijumaa

Shangazi yangu ana baa ndogo Isevya, Tabora mjini. Meza tisa, mwembe mkubwa uani, jiko la kuku, na friji mbili ambazo moja ni pambo. Bia ndiyo inayolipa pango. Mvinyo aliuanza kwa kujaribu, baada ya kuona kina mama wa vikoba na walimu wanakuja Jumapili kutafuta kitu cha kunywa taratibu. Akampata mtengenezaji mdogo Dodoma, akawa anatumiwa madumu ya lita 5 kwa basi: mvinyo mwekundu wa zabibu za Makutupora, wenye utamu kiasi. Anauza kwa glasi.

Miezi kadhaa ikapita bila neno. Kisha glasi zikaanza kurudi kaunta. "Shangazi, hii waini imechacha." "Ina ukakasi, utadhani ndizi mbichi." "Ya wiki iliyopita siyo hii." Shangazi si mtu wa kubishana na mteja aliyeshika hela, kwa hiyo alimwaga, akabadilishia watu kinywaji, akaandika hasara. Aliiandika katika daftari lile lile la madeni: tarehe, nani, glasi ngapi.

Hukumu alikuwa ameshaitoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yule wa Dodoma alikuwa amesifiwa sana, tena mbele ya watu. Akamwacha bila hata kumpigia simu. Akatafuta mwingine. Mvinyo wa huyo wa pili ukapokelewa vizuri wiki mbili, halafu nao ukaanza kurudi. Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Nilisomea teknolojia ya chakula Morogoro, na katika ukoo wetu hiyo maana yake ni kwamba kila kinachonuka kisivyo kawaida ni cha kwangu.

"Mwanangu, njoo unionjee. Ama naibiwa, ama nimetupiwa kitu."

Nilifika Jumatano mchana, nikamwamkia, nikaletewa glasi kabla sijakaa. Nikaonja dumu lililofunguliwa Jumapili, nikaonja na lingine ambalo utepe wake ulikuwa bado. Mvinyo ulikuwa mzima. Si wa kushindania tuzo, lakini mzima: ugwadu wa kawaida, ukakasi kidogo pembeni ya ulimi, utamu unaofunika vyote viwili. Shangazi alinitazama kama fundi aliyeletewa redio mbovu halafu redio ikaimba vizuri mbele yake.

Basi nikaomba daftari.

Kilichokuwa humo hakikuhitaji elimu kubwa. Glasi zilizorudishwa, karibu zote, ni za Ijumaa na Jumamosi usiku. Jumapili, siku anayouza mvinyo mwingi kuliko siku zote, ilirudi moja tu. Dumu lililolalamikiwa Jumamosi ndilo lililonywewa Jumapili mpaka likaisha, na watu wakaomba lingine. Mvinyo uliochacha haurudi nyuma. Ukishaanza kuwa siki, kesho yake ni siki zaidi. Na lalamiko la kwanza kabisa lilikuwa la wiki ile ile ambayo shangazi, kwa hela ya msimu wa tumbaku, alinunua spika mbili kubwa zenye besi ya kutikisa mabati.

Nilitaka kuruka moja kwa moja kwenye spika. Nilijizuia, kwa sababu Ijumaa na Jumapili katika baa ile zinatofautiana kwa mambo mengi kuliko muziki. Jumapili watu wanakula kwanza. Ukakasi wa mvinyo mwekundu hutokea pale tanini zake, vile vitu vya maganda na mbegu za zabibu, zinapong'ang'ania protini za mate na kuuacha mdomo mkavu. Mtu aliyetangulia kula kuku mwenye mafuta na chumvi atausikia kidogo sana kuliko aliyeanza tumbo tupu. Ijumaa friji nzima inajazwa bia, dumu la mvinyo linabaki kaunta kwenye joto. Joto hunyanyua harufu ya pombe ikapanda puani, na koo linaungua. Glasi za Ijumaa zinaoshwa mbiombio, na mbili nilizozinusa zilikuwa na harufu ya sabuni. Hata wanywaji si wale wale. Ukiweka haya yote kwenye mizani, sehemu nzuri ya malalamiko yanaelezeka bila kumgusa DJ.

Ila si yote. Kulikuwa na kina mama watatu wanaokuja Ijumaa na Jumapili, wanakula siku zote mbili, wanakunywa kitu kile kile, na majina yao yalikuwa kwenye daftari kwa Ijumaa peke yake.

Aliyenirudisha kwenye spika ni mzee mnunuzi wa asali, mtu wa Sikonge, anayefikia kwa shangazi kila akija mjini. Aliniona nazungusha glasi huku redio ya jikoni inaimba, akatikisa kichwa. "Sisi asali hatuionjei penye makelele, kijana. Unasogea pembeni, unanyamaza. Kelele inakula utamu."

Alisema utamu. Hakusema ladha. Na hapo mzee alikuwa amegusa jambo ambalo watu wamelipima.

Mwaka 2011 Andy Woods na wenzake waliwapa watu vyakula vya kutafuna, vya sukari na vya chumvi, huku wamevaa vipokea sauti masikioni. Kelele ilipokuwa kubwa, watu waliona utamu na chumvi vimepungua. Mwaka 2015, Kimberly Yan na Robin Dando wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia kelele ya ndani ya ndege, kama desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti): utamu ulififia, na ladha ile ya mchuzi mzito, ya nyanya iliyoiva au uyoga, ikapanda. Huenda ndiyo siri ya abiria wengi wa ndege kuagiza juisi ya nyanya ambayo nyumbani hawaigusi. Jinsi jambo hili linavyotokea mwilini bado haijajulikana kwa uhakika, lakini upo mshipa wa fahamu unaotoa habari za ladha sehemu ya mbele ya ulimi, nao katika safari ya kwenda kwenye ubongo hupita katikati ya sikio, nyuma tu ya ngoma yake. Mara ya kwanza niliposoma hilo nilidhani ni kosa la kitabu.

Sasa urudi kwenye dumu la shangazi. Mvinyo wake una sukari kiasi, na sukari hiyo ndiyo shuka linalofunika ugwadu na ukakasi. Anayetengeneza juisi ya ukwaju anajua: ukipunguza sukari kijiko kimoja, ukwaju hauongezeki hata tone, lakini mnywaji atakunja uso na kukuambia umezidisha ukwaju. Spika za Ijumaa zilikuwa zinapunguza kijiko hicho. Simu yangu ina programu ya kupimia sauti, si chombo cha maabara, lakini Ijumaa ile nilipokaa meza iliyo karibu na spika ilivuka 90. Jumapili ilikuwa inacheza kwenye 65.

Hiyo ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ndiyo iliyonipendeza, na inahusu maneno.

Adrian North, alipokuwa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, Edinburgh, aliwakusanya wanafunzi 250 akawanywesha mvinyo wa Chile, wengine mwekundu wa Cabernet Sauvignon, wengine mweupe wa Chardonnay. Makundi manne yalikunywa huku muziki unapigwa, kila kundi wake: mmoja mzito wenye nguvu, kazi ya Carl Orff, mmoja wa madaha, wa Tchaikovsky, mmoja mchangamfu, mmoja mlaini wa polepole. Kundi la tano lilikunywa kimya. Wakaulizwa mvinyo ukoje. Waliosikia muziki mzito waliuona mvinyo mzito kuliko walivyouona wengine, waliosikia mlaini wakauona mlaini, na hivyo hivyo. Utafiti ulichapishwa mwaka 2012. Muziki uliwapa watu sifa, wakaibandika kwenye glasi.

Kwa Kiswahili jambo hili lina makali zaidi, na hapa nasema la kwangu. Sisi tuna neno moja, kali, linalofanya kazi za watu kumi. Jua kali, kisu kikali, mwalimu mkali, pilipili kali, muziki mkali. DJ akiambiwa muziki wake mkali, anaongezewa bia. Mvinyo ukiambiwa mkali, unamwagwa. Mtu amekaa Ijumaa katikati ya singeli, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, mdomoni mwake neno "kali" limeshaiva tangu alipoingia. Mwenzake anamuuliza, "Waini ikoje?" Unadhani atajibu nini? Na Jumapili, zilipendwa zikiwa chini, gitaa linatembea polepole, utasikia watu wanasema muziki umetulia, pahali pametulia. Nilipopita mezani kuwauliza kuhusu mvinyo, wawili walijibu bila kufikiri: "Leo imetulia." Neno lile lile. Hawakulitoa kwenye glasi.

Nilimweleza shangazi nadharia hii, akacheka mpaka akakaa chini. Wateja wake aliowagusia walicheka zaidi. Muziki? Mimi najua ninachokunywa, bwana. Hilo nalo si la Isevya peke yake. Mwaka 1997 huyo huyo North na wenzake waliweka rafu ya mvinyo katika duka kubwa Uingereza, chupa za Ufaransa na za Ujerumani, bei zikilingana, siku moja wanapiga muziki wa Kifaransa, siku nyingine wa Kijerumani. Siku za Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa dhidi ya 8 za Ujerumani. Siku za Kijerumani, 22 za Ujerumani dhidi ya 12 za Ufaransa. Wanunuzi 44 walikubali kuhojiwa; 6 tu ndio waliokiri kwamba pengine muziki uliwagusa.

Kwa hiyo tukaamua kuonja. Wiki iliyofuata, Jumatano, baa imefungwa. Watu 10: kina mama watatu wa daftarini, vijana wa bodaboda watatu wa Ijumaa, walimu wawili, mpishi, na mzee wa asali. Nilifungua dumu moja mbele ya shangazi peke yake, nikaligawa kwenye majagi matatu, joto moja, glasi zilizosuuzwa mara mbili, mvinyo wa vidole viwili kila duru, mkate na maji katikati. Nikawadanganya kwamba ni watengenezaji watatu tofauti. (Niliwaomba radhi baadaye, na shangazi akawalipa kwa kuku.) Duru moja singeli kwa sauti ya Ijumaa, moja zilipendwa kwa sauti ya Jumapili, moja kimya. Nusu walianza na singeli, nusu na zilipendwa, kwa sababu ukakasi hujilimbikiza mdomoni kadiri unavyoonja, na glasi ya mwisho huonewa.

Zilipendwa zenyewe zilikuwa za nyumbani. Mji huu ulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ukawa na Nyanyembe Jazz, ukawa na Kiko Kids, na mwalimu mmoja alipoteza muda mzuri wa majaribio kutueleza baba yake alivyokuwa akicheza enzi hizo. Sikumkatiza. Lakini nalitaja kwa sababu ni doa katika jaribio langu: muziki wenye kumbukumbu ya baba yako hauwezi kuwa sauti tupu.

Saba kati ya kumi walisema jagi la singeli ndilo baya. Maneno waliyotumia: kali, chachu, jepesi, linakwaruza. Jagi la zilipendwa wakaliita laini, zito, limetulia, na mama mmoja akaniuliza bei yake. Jagi la kimya lilikaa katikati, halikupata sifa wala lawama. Wawili walichagua vingine. Mzee wa asali alisema majagi yote ni mamoja na akaniuliza kama nadhani yeye ni mtoto.

Nilipowaambia ukweli, kijana mmoja wa bodaboda akasimama. "Kaka, umeionea singeli. Hiyo umeipiga juu, zilipendwa umezipiga chini. Geuza tuone."

Alikuwa sahihi kabisa, na niliona haya kwamba sikuliwaza. Tukageuza: zilipendwa kwa nguvu zote, singeli kwa mnong'ono. Duru hii naihesabu nusu, maana walishajua ninachotafuta na vidole viwili mara tatu si haba. Zilipendwa zilipopanda, lalamiko la ugwadu lilirudi, ila hakuna aliyesema "kali". Walisema chachu, walisema mzito mno. Singeli ilipokuwa chini, mvinyo ukaitwa mwepesi na mchangamfu, na vijana wawili wakaupenda kuliko wa mwanzo. Nilivyoielewa mimi, ukubwa wa sauti ndio unaoondoa utamu, na aina ya muziki ndiyo inayochagua neno la kusema baada ya utamu kuondoka.

Kuna jambo moja hapo linalonisumbua mpaka leo. Watafiti wa Oxford, Anne-Sylvie Crisinel, Charles Spence na wenzao, mwaka 2012 waliwapa watu pipi ya sukari iliyounguzwa huku wanasikiliza sauti: za chini, za nene, ziliifanya ionekane chungu zaidi, nyembamba za juu ziliifanya tamu zaidi. Kinanda cha singeli ni chembamba, kinapiga juu kabisa. Kwa hesabu hiyo kingepaswa kuusaidia mvinyo, na kilipokuwa chini pengine kiliusaidia. Ijumaa kinachofika mezani kwa shangazi, nashuku, si kinanda. Ni besi ya spika zile, na besi ni jamaa wa uchungu.

Shangazi alisikiliza yote hayo kwa heshima, kisha akauliza swali la mwenye baa. "Sasa nizime muziki Ijumaa, bia nitamuuzia nani?"

Ana hoja. Nicolas Guéguen na wenzake walichapisha mwaka 2008 jaribio la kwenye baa za Ufaransa: muziki ulipopandishwa kutoka desibeli 72 hadi 88, wanaume waliokuwa wakinywa bia waliagiza zaidi na kuimaliza glasi haraka zaidi. Spika zinauza bia, hilo shangazi alilijua bila Mfaransa. Upande wa pili, Charles Areni na David Kim, mwaka 1993, walikuta kwamba muziki wa klasiki katika duka la mvinyo la Marekani haukuongeza idadi ya chupa, bali watu walichukua za bei kubwa zaidi. Nilipomwambia, akauliza kama sasa nataka apige kwaya.

Hatukuzima kitu. Spika zilihamishiwa chini ya mwembe, zikageuzwa kuelekea barabarani, na meza tatu za nyuma, upande wa jiko, zikawa za mvinyo. Ijumaa simu yangu pale ilisoma kama 70. Friji ile ya pambo ikatengenezwa, dumu likawa linalala humo na kutolewa kabla ya kumimina. Glasi za mvinyo zikapata beseni lake. Najua kwamba kwa kubadilisha mambo manne kwa mpigo nimejinyima haki ya kusema ni lipi lililotibu. Baa si maabara, na shangazi hakuwa tayari kupoteza wiki nne ili mimi niridhike. Malalamiko yalipungua mpaka karibu kuisha, vijana wakaendelea kucheza uani.

Kilichokuwa kigumu ni Dodoma. Mtengenezaji wa kwanza aliachwa kwa kosa la spika, na habari kwamba anatia maji zilikuwa zimeshafika kwa wenye baa wawili wengine wa hapa Tabora, kwa mdomo wa shangazi mwenyewe. Alimpigia simu jioni moja, mimi nikiwa pale. Alizunguka sana, akauliza hali ya watoto, mvua, zabibu, kabla ya kufika. Yule mama wa Dodoma alimsikiliza, akanyamaza, kisha akasema atatuma dumu mbili, malipo kwanza. Shangazi alituma hela, na dumu dogo la asali ya Sikonge likapanda basi kwenda upande wa pili.

Wiki ya tatu baada ya mabadiliko, Jumapili, zilipendwa zinapiga kwa sauti ya chini kabisa, watu wamekula, mzee wa asali akarudisha glasi kaunta bila kusema neno. Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama spika. Kisha nikaonja. Siki. Siki ya kutilia kachumbari. Dumu lilikuwa limebaki robo, limejaa hewa, na mtu alikuwa amelisahau nyuma ya jiko tangu Jumatatu.

Shangazi alilimwaga lote chini ya mwembe. Akafungua daftari, akaandika tarehe, glasi moja, akasita, kisha mwisho wa mstari akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye kurasa zote zilizotangulia: kweli.